UZI: Mtoto mwenye OCD – kinachomtibu, na kinachoulisha ugonjwa humo humo nyumbani

#1 Mizani_77

Wakuu, maswali ya watoto wanaonawa mpaka ngozi inachanika, wanaorudi mlangoni kukagua komeo mara kumi, wanaofuta daftari mpaka karatasi inatoboka, yamekuwa mengi na yametawanyika kwenye nyuzi tofauti. Majibu yake nayo ni yale yale mawili: "mchape ataacha" au "mpeleke akaombewe". Naweka hapa jinsi ugonjwa huu wa OCD (ugonjwa wa akili wa mawazo yanayong'ang'ania na vitendo vya kulazimika) unavyofanya kazi na unavyotibiwa. Wa dawa, wa shule na wa dini waongeze upande wao.

OCD ina vitu viwili vinavyoshikana. Cha kwanza ni wazo king'ang'anizi: uchafu, ugonjwa, moto, dhambi, mama atakufa, au hisia tu kwamba kitu "hakijakaa sawa". Mtoto halitaki na linamtisha. Cha pili ni kitendo cha lazima: kunawa, kukagua, kuhesabu, kupanga, kurudia, kuuliza, kuungama. Kitendo kinampa nafuu ya dakika chache, na sumu iko kwenye hiyo nafuu. Ubongo unajifunza kwamba janga halikutokea *kwa sababu* alinawa. Kesho unadai tena, na kiwango cha jana hakitoshi.

Kwa watoto huanza sana kati ya miaka 8 na 12, ingawa wapo wa miaka 5 au 6. Katika umri huo wavulana huwahi kuliko wasichana. Makadirio ya kawaida ni mtoto 1 hadi 3 katika kila 100, kwa hiyo shule ya msingi yenye wanafunzi 600 haikosi kadhaa.

Msichanganye na mazoea ya utotoni. Mtoto wa miaka 3 anayetaka kikombe kile kile na hadithi ile ile kila usiku ni mzima. Angalieni haya: vitendo vinakula zaidi ya saa moja kwa siku, au vinamchelewesha shule, vinamnyima usingizi, na ukimkatiza anaingiwa na hofu kuu badala ya kununa tu. Madaktari hutumia kipimo cha CY-BOCS, maswali 10, kila moja alama 0 hadi 4. Kuanzia 16 ni wastani, 24 ni kali, 32 na kuendelea ni kali mno. Umuhimu wake kwa mzazi ni kwamba baada ya wiki 12 za tiba unaweza kulinganisha namba, badala ya kusema "naona kama ana nafuu".

Tiba yenyewe inaitwa ERP: mtoto anakikabili kinachomtisha, halafu *hafanyi* kitendo chake. Victor Meyer ndiye aliyeiandika mara ya kwanza mwaka 1966 huko London, kwa watu wazima. Kwa watoto, utafiti unaotajwa sana ulitoka Marekani mwaka 2004, ukiwa na washiriki 112 wa miaka 7 hadi 17 kwa wiki 12. Waliobaki karibu bila ugonjwa walikuwa asilimia 53.6 kwa tiba ya kisaikolojia pamoja na dawa ya setralini, 39.3 kwa tiba ya kisaikolojia peke yake, 21.4 kwa setralini peke yake, na 3.6 kwa vidonge visivyo na dawa. Hiyo ya mwisho iwekeni akilini: ugonjwa huu hauna tabia ya kujiondokea wenyewe kwa kusubiri.

#2 Nyamwela

Mkuu, hapo kwenye kuuliza. Mtoto anauliza "mama, hii sahani ni safi kweli?" mara 30 kwa siku. Kumjibu "ni safi, kula" kuna ubaya gani?

#3 Mizani_77

Kuna ubaya wote, na hapa ndipo nyumba nyingi zinakwama. Kule kuuliza ndicho kitendo cha lazima chenyewe. Wewe ukijibu umekuwa sabuni yake. Na si kujibu tu. Kumfungulia mlango asiguse kitasa, kufua mara mbili nguo alizosema zina uchafu, kumwambia mdogo wake asikalie kiti fulani, kumtumia mwalimu visingizio, kuficha visu, yote hayo ni familia kufanya kazi ya ugonjwa kwa upendo. Ukipima, nyumba inayofanya zaidi ndiyo ambayo mtoto wake huwa mgonjwa zaidi na tiba humfanyia polepole.

Hatua za kuacha, kwa mpangilio:

1. Siku 7 za kwanza msibadilishe chochote. Hesabuni tu. Karatasi nyuma ya mlango wa jiko: anauliza nini, anamuuliza nani, mara ngapi, na nani anafanya nini kwa ajili yake.

2. Chagueni jambo MOJA. Si kubwa kuliko yote, bali linalotokea kila siku na lililo mikononi mwenu, maana huwezi kumlazimisha mtoto asinawe ila unaweza kuufunga mdomo wako.

3. Mwambieni kabla, wakati ametulia, si katikati ya ugomvi. "Tumeona tukijibu swali la sahani, lile wazo linarudi na nguvu. Kuanzia Jumatatu hatutalijibu. Si kwamba tumekuchoka."

4. Jibu liwe sentensi moja, ile ile, kwa sauti ya kawaida: "Naona lile wazo limekuja, linatisha, na unaweza kukaa nalo." Kisha endelea na kazi yako. Nusu ya kwanza inakiri kwamba anateseka, nusu ya pili inaonyesha unamwamini. Ukiiacha ya kwanza utaonekana katili, ukiiacha ya pili umerudi kubembeleza.

5. Tegemeeni mambo kuzidi kabla ya kupungua. Siku tatu nne za mwanzo atauliza mara 50, atalia, atamfuata bibi. Hiyo ni dalili kwamba mmegusa penyewe.

6. Kila mtu wa nyumba awe na sentensi hiyo: baba, bibi, shangazi, dada wa kazi. Anayejibu mara moja kati ya kumi huharibu kuliko anayejibu zote, kwa kuwa mtoto anajifunza kwamba akikazana sana atajibiwa.

Njia hii ya kupitia kwa wazazi imepangwa vizuri na Eli Lebowitz wa Chuo Kikuu cha Yale, inaitwa SPACE. Uzuri wake ni kwamba inafanyika hata mtoto akikataa kabisa kukanyaga kliniki.

#4 Bi_Kizerebuni

Naongezea mbinu inayosaidia hatua ya tatu kwa wadogo: ugonjwa upewe jina. Mtoto achague mwenyewe: Bwana Doa, Kirukanjia, Chokochoko, lolote. Mabishano yanakuwa baina ya mtoto na Kirukanjia, wala si baina ya mtoto na mama. "Hilo swali ni lako au la Kirukanjia?" Wa miaka 13 na kuendelea wengi wanaona ni utoto, kwao semeni OCD tu.

Jina lisitumike kumtania wala kumwaibisha mbele ya ndugu zake. Likigeuka tusi, limekufa.

#5 kombo_mwinyi

Hiyo ERP yenyewe inafanywaje, hatua kwa hatua? Kliniki nyingi wanazungumza na mtoto nusu saa, wanampa nasaha, basi.

#6 Mizani_77

Nasaha si ERP. Ukifika kliniki uliza waziwazi: "Je, mtamfanyisha mazoezi ya kukabili na kuzuia kitendo?" Wakikujibu watamfundisha kupumua na kujichapa kwa raba aliyoivaa mkononi kila wazo linapokuja, endelea kutafuta. Hospitali zenye idara za magonjwa ya akili zipo: Muhimbili, Mirembe, KCMC, Bugando, Kidongo Chekundu kwa Unguja, na kwa Kenya Mathari na ile ya rufaa ya Moi kule Eldoret. Mwendo wa kawaida ni vikao 12 hadi 16, lakini kinachoponya ni mazoezi ya kila siku nyumbani.

Unaanza na kipimo cha woga cha 0 hadi 10, kisha ngazi. Mfano wa mtoto anayeogopa uchafu:

– kushika kitasa cha mlango wa nyumbani: 3
– kushika soli ya kiatu chake: 5
– kushika bomba la choo cha shule: 6
– kushika mfuniko wa pipa la taka, kisha kushika nguo zake: 7
– kushika mfuniko, kisha kushika mto wa kulalia na kuulalia: 9

Anza na 3 au 4. Ukianza na 9 mtoto akashindwa, amejifunza kwamba kweli haliwezekani, na utahitaji wiki kadhaa kumrudisha. Kabla ya zoezi muulize anadhani kitatokea nini. "Nitaumwa tumbo usiku huu." Andikeni. Ashike kwa kiganja kizima. Hanawi kwa muda mliokubaliana, tuseme saa mbili. Kesho asubuhi someni mlichoandika. Zamani tulisisitiza woga lazima ushuke nusu ndipo zoezi liishe. Siku hizi mkazo uko kwenye kile alichotabiri na kilichotokea, hata kama woga haukushuka sana. Rudia ngazi moja kila siku mpaka imchoshe, ndipo upande.

Zoezi lisivuke kile mtu wa kawaida angefanya. Kunawa baada ya choo na kabla ya kula kunabaki, sekunde 20, mara moja, sabuni mara moja. Hatumfundishi uchafu, na msimu wa kipindupindu kanuni za afya ni kwa wote. Kinachoondolewa ni kunawa kwa sababu ya *wazo*.

#7 Sista_Rehema

Upande wa uuguzi, naorodhesha mazoezi yanavyovuja, maana mzazi hudhani mtoto amefanya kumbe amekwepa:

Anagusa kwa ncha ya kidole kimoja na kukiinua juu mpaka mwisho. Ananawa kisirisiri saa mbili zikiisha, mara tatu zaidi, kufidia. Anajipangusa kwenye suruali. Anasema sala moyoni au anahesabu. Anakutazama usoni aone umetulia, kwani uso wako nao unamhakikishia.

Akiteleza, msimgombeze wala msianze upya. Ashike tena kile kitu mara moja, muendelee. Kunawa kunafutwa kwa kugusa upya.

Pimeni kwa vitu vinavyoonekana. Mche wa sabuni unakwisha kwa siku ngapi? Ndoo ya lita 20 inakwisha kwa muda gani? Namba hizo hazidanganyi kama maneno.

Na ngozi: mikono iliyopasuka ipakwe mafuta mazito ya mgando usiku. Dawa za kufulia zenye klorini ziondolewe kabisa mahali anapofikia, watoto hawa huzijaribu zikawaunguza.

#8 Ustadh_Mkunazini

Assalaam alaykum. Kwa watoto wetu ugonjwa huu mara nyingi unaingia kupitia udhu, nia na najisi, na mzazi anafurahi akidhani mtoto amekuwa mchamungu. Mtoto anayetawadha dakika 40 na kusema "Allahu Akbar" mara 15 kwa kuona nia haikukaa, huyo anateseka.

Fiqhi ina majibu, na ni mepesi. Kanuni: yakini haiondolewi na shaka. Ukijua ulitawadha, shaka ya kutenguka haina nguvu. Wajibu katika udhu ni kuosha kiungo mara moja, mara tatu ni sunna, kuzidisha ni makuruhu. Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja ya maji, kiasi cha theluthi mbili za lita. Kwa hiyo mpeni chupa ya lita moja, si bomba lililo wazi. Maji yakiisha, udhu umekwisha. Nia mahali pake ni moyoni, kule kwenda msalani kutawadha ni nia tayari. Takbira moja. Shaka inayokuja baada ya salamu haitazamwi. Akihisi tone baada ya haja ndogo, anyunyize maji kidogo kwenye nguo aondoke, asirudi kukagua.

#9 Mizani_77

Shukrani, Ustadh. Nina angalizo moja ambalo nadhani utaliafiki. Mtoto akijua Ustadh anatoa majibu mazuri, atakuja kuuliza kila baada ya sala, na fatwa yenyewe itageuka kitendo cha lazima. Swali liulizwe mara moja, jibu liandikwe kwenye kadi, kadi ikae kwa mzazi. Akiuliza tena: "Umeshajibiwa." Hata kadi isisomwe.

#10 Ustadh_Mkunazini

Naafiki. Nasi madrasa tukubaliane mwalimu mmoja tu ndiye wa kuulizwa. Mtoto mwenye waswasi akizunguka kwa walimu wanne atapata majibu manne na shaka mpya tano.

#11 Sista_Rehema

Kwa Wakristo ni hivyo hivyo: padre au mchungaji mmoja, kitubio kwa ratiba, si kila wazo baya likipita. Wanaosumbuka sana ni wale wanaoogopa kwamba wamemkufuru Roho Mtakatifu.

#12 Nyamwela

Vipi mawazo ya kudhuru? Mtoto wa miaka 11 anamwambia mama yake, "nina wazo la kumchoma mdogo wangu kisu". Hapo mzazi anakimbilia polisi au kwa mganga.

#13 Mizani_77

Hili linahitaji utulivu. Katika OCD wazo hilo linamchukiza mtoto mwenyewe. Anakwepa visu, anakataa kubaki peke yake na mdogo wake, analia, anaungama bila kuulizwa, anataka umhakikishie kwamba si mtu mbaya. Hajapanga kitu na hakifurahii. Anayetamani, anayepanga, aliyewahi kuumiza watu au wanyama, au anayesikia sauti zikimwamuru, huyo ni suala jingine la haraka. Daktari atofautishe kwanza, msijiamulie.

Ikithibitika ni OCD, kuficha visu kunamwambia "hata sisi tunakuogopa". Ngazi inakwenda hivi: kuandika neno "kisu", kuandika sentensi kamili ya hofu yake, kujirekodi kwenye simu akiisoma na kuisikiliza dakika 20 kila siku bila kusali ndani kwa ndani kuifuta, kukata nyanya za kachumbari jikoni, kisha kukata mdogo wake akiwa amekaa pembeni. Ngazi mbili za mwisho ziwe na mtaalamu anayezisimamia.

Mawazo ya aina hii, pamoja na yale ya ngono, ndiyo hufichwa kwa miaka. Daktari anayeuliza tu "unanawa sana?" hatayapata. Aulize: "Watoto wengi huwa na mawazo ya kutisha wasiyoyataka. Wewe yako yanahusu nini?"

#14 MwlTabora

Shuleni dalili hazionekani kama ugonjwa. Zinaonekana kama uvivu au utundu: hamalizi kunakili ubao, anachelewa kutoka chooni, anasoma mstari mmoja mara sita, anakusanya mtihani nusu tupu ilhali majibu anayajua.

Yanayofanya kazi: aandike kwa kalamu ya wino, kifutio kibaki nyumbani. Kosa linapigwa mstari mmoja. Kukagua jibu mara moja tu, kisha anafunika kwa karatasi. Dakika za choo zikubaliwe mapema, mfano tano, na arudi hata kama "haijakaa sawa". Mwalimu asimjibu "hivi nimeandika sawa?" zaidi ya mara moja kwa kipindi. Muda wa ziada nauogopa kidogo, mtoto wa kurudia-rudia huujaza kwa kurudia. Afadhali maswali machache zaidi kwa muda ule ule.

Bweni ni mtihani mwingine. Mabafu ya pamoja, foleni alfajiri, kitanda cha kutandika kwa dakika mbili. Matroni ajue, wenzake wasijue bila ridhaa yake. Na fimbo haina kazi hapa: inaongeza hofu, hofu inaongeza vitendo, na mtoto anajifunza kuvifanya mahali pasipoonekana.

#15 kombo_mwinyi

Na kama imeanza ghafla? Leo mzima, keshokutwa hali chakula, hashiki kitu, anakwenda haja ndogo kila dakika kumi.

#16 Sista_Rehema

Hospitali mapema. OCD ya kawaida huja polepole kwa wiki na miezi. Ikilipuka ndani ya siku moja au mbili, mwandiko ukaharibika, akagoma kula, uliza kuhusu maumivu ya koo wiki zilizopita. Susan Swedo na wenzake Marekani waliieleza hali hii mwaka 1998 kwa jina PANDAS, ikihusishwa na bakteria wa koo aina ya streptokoka. Mjadala kuhusu ukubwa wake bado upo, lakini koo lipimwe na litibiwe. Kwetu kuna sababu ya ziada: bakteria hao hao huleta homa ya baridi yabisi inayoharibu moyo. Mtoto mwenye miguu na mikono inayochezacheza bila kutaka pamoja na mawazo ya OCD apimwe na moyo.

#17 MfamasiaKariakoo

Niseme ya dawa, kwa mpango wa daktari tu.

Zinazotumika kwa watoto ni setralini, fluoksetini, fluvoksamini na klomipramini. Setralini, miaka 6 hadi 12 huanza na miligramu 25 kwa siku, 13 hadi 17 huanza na 50, na hupandishwa kidogo kidogo bila kuvuka 200. Dozi za OCD mara nyingi huwa juu kuliko za sonona, kwa hiyo mtoto aliyekaa miezi minne kwenye 25 na "haikumsaidia" hajajaribiwa bado. Wiki 8 hadi 12 kwenye dozi inayotosha ndipo unahukumu.

Wiki mbili za mwanzo, na kila dozi inapopandishwa: kichefuchefu, tumbo, kukosa usingizi, kuhangaika. Tangu 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani inaonya kwamba kundi hili linaweza kuongeza mawazo ya kujiua kwa baadhi ya watoto na vijana. Mzazi amwone mtoto kila siku kipindi hicho, na mabadiliko makali ya tabia ni kurudi kliniki siku hiyo hiyo.

Klomipramini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO kwa ajili ya ugonjwa huu, ila kipimo cha umeme wa moyo kifanyike kabla. Ikizidishwa ni hatari kweli, ikae kwenye kabati lenye kufuli.

Sasa yanayoandikwa bila kusaidia. Amitriptilini ni ndugu wa klomipramini lakini haitibu OCD. Diazepamu inalegeza tu na inaharibu mazoezi. Haloperidoli peke yake si tiba ya OCD, inaingia kama nyongeza panapokuwa na tiki (mishtuko ya misuli au sauti zinazomtoka mtoto bila kutaka) au dawa ya kwanza imeshindwa. Na anayetumia setralini asipewe tramadoli duka la dawa bila kumwambia mfamasia.

#18 Nyamwela

Akipona, dawa inaachwa lini?

#19 MfamasiaKariakoo

Baada ya miezi 6 hadi 12 ya kutulia, si ya kuanza kutumia. Inapunguzwa robo ya dozi kila mwezi mmoja au miwili, na mazoezi yanaendelea. Ikiachwa ghafla kuna kizunguzungu, hasira na ndoto mbaya, watu hudhani ugonjwa umerudi. Msipange kupunguza muhula wa mtihani wa taifa wala wiki ya kuhamia bweni.

#20 Nyamwela

Na akisahau dozi?

#21 MfamasiaKariakoo

Akikumbuka siku hiyo hiyo, anywe. Akikumbuka kesho yake, anywe ya kesho tu, asinywe mbili. Na kwa mtoto wa OCD ongezeni hili: kidonge kitoke kwenye kiboksi chenye vyumba vya siku saba. La sivyo atawauliza mara ishirini kama kweli amekinywa.